Jiko la Mjomba Kwenye Kijitabu cha Wagombea

Mimi si mtu wa subira, na anayenijua hapa Konde hatabisha. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko, na ukiniletea karatasi iliyokunjwa mara nane, imelowa jasho, ukataka niichape upesi upesi, utayasikia yako kwanza ndipo uipate kazi yako. Lakini kazi naifanya vizuri. Ndiyo maana diwani wetu alipojiuzulu na uchaguzi mdogo ukatangazwa, afisa wa uchaguzi alikuja moja kwa moja dukani kwangu.

Alikuwa kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni, na alikuwa na fikra mpya. Alitaka kijitabu. Kila mgombea apewe ukurasa mmoja: picha yake juu, maneno yake chini, maneno mia na si zaidi. Kijitabu kigawiwe na masheha, wale wakuu wa mitaa, nyumba kwa nyumba, ili mpiga kura akae kwake asome kwa utulivu, apime, achague. Kazi yangu kuwapiga picha, kuchapa maneno yao, kupanga kurasa, na kupeleka kwenye mtambo wa kuchapia mjini Chake Chake. Sharti moja: nisibadilishe hata neno.

"Hata wakisema upuuzi?" nikamuuliza.

"Hasa wakisema upuuzi," akasema. "Mpiga kura ana haki ya kuujua mapema."

Wagombea walikuwa sita. Wawili walikuwa watu wa kawaida, wanataka barabara na maji, na hao sitawaeleza kwa sababu hata siku ile nilikuwa nawasahau wakiwa bado wamekaa mbele yangu.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja mstaarabu kupita kiasi, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Maneno yake alikuwa ameyaandika kwa mkono mzuri sana. Akaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, akamsalia Mtume, akawasalimu wazee, akawasalimu akina mama, vijana, wagonjwa, walio safarini, wavuvi walio baharini na wachumaji karafuu walio juu ya mikarafuu. Akawaombea rehema waliotangulia. Nikahesabu. Neno la tisini na tisa na la mia yalikuwa "Ama baada."

"Mzee wangu," nikamwambia kwa upole, na upole wenyewe nimeuazima, "hapa umemaliza. Ahadi iko wapi?"

"Ahadi iko ukurasa wa pili."

"Ukurasa wa pili haupo. Punguza salamu."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aingie msikitini na viatu. "Nimpunguze nani? Wagonjwa?"

Nikachapa kama ilivyo. Ukurasa wake ukaishia kwenye "Ama baada," na baada yake hakuna kitu.

Wa pili aliahidi lifti. Alikuwa ameishi Arabuni miaka mingi, amerudi na miwani ya jua ambayo haivui hata ndani. Alitaka soko la Konde liwe na lifti. Nikamwambia soko la Konde halina ghorofa. Akasema hilo ndilo tatizo la watu wetu, wanasubiri ghorofa kwanza. Tuweke lifti, ghorofa itaona haya, itakuja yenyewe. Tulibishana mpaka maji ya chai yakakauka jikoni, na naapa sijui nani alishinda.

Wa tatu alikuwa mwenye ng'ombe. Kwetu Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, na mwenye dume la kuchezwa uwanjani huwa na jina kubwa kuliko daktari. Huyu alisema watu hawamjui yeye, wanamjua dume lake, kwa hiyo picha iwe ya wote wawili. Nikatoka na kamera mpaka nje ya duka. Dume halikutulia. Nilipopata picha moja isiyotikisika ilikuwa ya kichwa cha ng'ombe, pembe, masikio na macho mazuri tu, na pembeni vidole vitatu vimeshika kamba.

"Wewe humo umo wapi?" nikamuuliza.

"Vidole vyangu hivyo. Vinajulikana."

Maneno yake nayo yote yalikuwa ya ng'ombe. "Huyu mnayemuona pichani ana miaka mitano. Hula majani mchana kutwa wala hachoki. Akishikwa mkia hugeuka, na akigeuka usiwepo." Yakaendelea hivyo mpaka mwisho. Ahadi yake ilikuwa kwamba mchezo utachezwa kila mwaka.

Wa nne alikuwa mjomba wangu.

Mjomba ni fundi wa kuezeka. Makuti, mabati, chochote kinachokaa juu ya kichwa cha mtu, yeye ndiye. Upande huu wote wa kaskazini, ukitazama juu ukiwa ndani ya nyumba, uwezekano mkubwa unatazama kazi ya mjomba. Na jiko la mkewe, kibanda kilicho nyuma ya nyumba yake mwenyewe, lilikuwa linavuja mwaka wa sita. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu alikuwa hata dawa haitazami. Kila mkewe, mkaza mjomba wangu, akimwambia, yeye alisema kesho inshallah. Masika ikija, mkaza mjomba alipika na ungo kichwani kama mwavuli.

Halafu ikaja harusi ya jirani. Mkaza mjomba alipika wali wa nazi ambao watu waliusifu mpaka nje barazani. Mjomba, kwa kuwa Mungu amempa mdomo kabla ya kumpa akili, akasema kwa sauti, "Musimsifu sana. Yeye katia chumvi tu, maji katia mvua."

Baraza zima likacheka. Wanawake walikuwa ndani nyuma ya pazia, na mkaza mjomba alikuwa miongoni mwao na sinia mkononi. Aliliweka lile sinia chini, akachukua buibui lake, akaenda kwa kaka yake pwani, upande wa Tumbe, na hakurudi.

Mjomba alimfuata mara tatu. Kaka mtu ni mchuuzi wa samaki, mtu wa adabu, na adabu yake ni ukuta. Alimkaribisha, akampa kahawa, akamuuliza habari za kila mtu aliye hai, kisha akamtakia safari njema. Mara ya tatu tu ndipo akamfikishia ujumbe wa dada yake: "Alinicheka mbele za watu. Aje aniombe radhi mbele za watu." Nambari ya mjomba kwenye simu mkaza mjomba alishaifungia zamani.

Sasa mjomba ni mtu wa mzaha, na mtu wa mzaha akitakiwa aseme jambo la kweli mbele za watu ulimi humkauka. Alijaribu kwenye khitma moja, akasimama, watu wote wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa, akakaa. Miezi minne ikapita. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha na chai. Alikonda. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye lile jiko lake bovu, sufuria tupu mbele yake, anakwangua kwa kijiko. "Natafuta ukoko," akaniambia, na alicheka, lakini macho hayakucheka. Mkaza mjomba alikuwa akimwekea ukoko wa wali kila siku, yeye peke yake, miaka yote ya ndoa yao. Nilitoka nje nikasingizia moshi, na moto haukuwashwa.

Kwa hiyo alipoingia dukani na fomu ya ugombea mkononi, nilimpandishia sauti. "Mjomba, wewe unataka udiwani wa nini? Jiko limekushinda!"

"Udiwani siutaki," akasema. "Nataka ukurasa."

Akanipa karatasi. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikasoma tena.

"Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa kuezeka. Nyumba zenu nyingi nimeziezeka mimi na hazivuji. Jiko la nyumbani kwangu linavuja mwaka wa sita. Mke wangu amepika humo na ungo kichwani. Siku ya harusi mliusifu wali wake, nikasema maji yake ni ya mvua. Mkacheka, nikacheka. Yeye hakucheka. Bibi, nilikosa. Nasema mbele ya nyumba zote. Nikichaguliwa nitaliezeka jiko. Nisipochaguliwa pia nitaliezeka. Kura zenu mpeni mumtakaye."

"Kwa nini usiliezeke tu, ukamaliza?" nikasema, maana kuna wakati kitu kikinigusa hukasirika zaidi.

"Nikiliezeka bila kusema, atasema nimetengeneza paa, sikutengeneza neno."

Afisa alipoisoma alisema hii si sera. Mjomba akamjibu kwamba kanuni inataka ahadi, na hapo pana ahadi, tena ni ya pekee katika kijitabu kizima ambayo mtu anaweza kwenda kuikagua kwa miguu. Afisa akafikiri, akachomoa kalamu moja kati ya zile tatu, akaweka saini.

Sasa naingia kwenye aibu yangu, nami sitaizunguka. Siku ya kupanga kurasa umeme ulikatika mara mbili, na yule wa lifti alikuwa amerudi kutaka miwani yake ionekane vizuri zaidi. Afisa akaniambia, "Bi, tukague pamoja kabla hujapeleka." Nikamjibu kwamba mimi kazi yangu haikaguliwi. Hivyo ndivyo nilivyosema. Nikapeleka Chake, vikachapwa, masheha wakavigawa mpaka kibanda cha mwisho.

Nilifungua kimoja nikiwa nakunywa chai. Ukurasa wa tano, juu ya maneno "Bibi, nilikosa," palikuwa na kichwa cha ng'ombe. Ukurasa wa sita alikuwepo mjomba, kofia imekaa vizuri, anatabasamu kidogo, na chini yake: "Huyu mnayemuona pichani ana miaka mitano. Hula majani mchana kutwa."

Konde nzima ilikuwa imelala chini kwa kicheko. Mwenye duka la jirani alinililia begani. Watu walikuwa wanamsimamisha mjomba njiani wakimuuliza kama majani ameshakula. Mwenye ng'ombe alikuja kuniuliza, bila hasira, kama dume lake kweli limemkosea mtu, kwa sababu ameulizwa mara nyingi na hana la kujibu.

Mjomba alikuja adhuhuri. Ningetamani angenitukana. Alikaa kwenye benchi la wateja, kijitabu kimefunuliwa mapajani.

"Mwanangu," akasema, "mke wangu ataona ng'ombe."

Hapo ndipo niliposhtuka kwelikweli. Kwa mkaza mjomba hiyo ingekuwa mara ya pili: kamcheka harusini, sasa kamcheka nyumba kwa nyumba, tena kwa karatasi ya serikali. Miezi minne ya muhogo, na mimi na kiburi changu nimemfungia mjomba mlango. Nikafunga duka mchana kweupe, jambo nisilolifanya hata nikiumwa, nikapanda bodaboda mpaka Tumbe.

Kaka mtu akanikaribisha. Kahawa ikaja. Akaniuliza habari za mama yangu, za watoto wa mama yangu, za duka. Nikajibu nikiwa nimekaa kama juu ya siafu. Mwishowe akasema, "Kijitabu tumekiona." Hakutabasamu. Akanionyesha mlango wa uani.

Mkaza mjomba alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kijitabu kilikuwa pembeni yake, kimefunuliwa pale pale.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kumtetea ng'ombe?"

Nikamwambia yote bila kupumua: umeme, lifti, kiburi changu, afisa na kalamu zake. Nikamwambia kosa ni langu, si la mjomba, na kama anataka kumnunia mtu aninunie mimi, miye nimezoea. Aliendelea kukuna. Alipomaliza kifuu akakiweka chini.

"Picha niliiona," akasema. "Nikasema, ana haya, kaogopa kuonyesha uso wake." Bega likamtikisika kidogo. "Lakini maneno ni yake. Ule ungo kichwani aliuona yeye peke yake. Nilikuwa nikidhani hauoni."

"Basi utarudi?"

"Alinicheka kwa mdomo. Kaniomba radhi kwa karatasi. Mdomo wake uko wapi?"

Jumapili yake ulikuwa mkutano wa wagombea wote, kwenye uwanja wa skuli, wanaume huku, wanawake kule. Sijawahi kuona mkutano wa siasa uliojaa vile, na wote wamekuja na vijitabu. Afisa alikuwa na kengele. Kila mgombea dakika tano. Yule mzee wa salamu akafika kwa wavuvi walio baharini, kengele ikalia, akashuka kwa heshima zake zote. Wa lifti akaeleza lifti. Mwenye ng'ombe alikuja na ng'ombe, na watu wakampisha ng'ombe mbele akae vizuri.

Mjomba akaitwa. Akasimama. Uwanja ukaanza kucheka. Akafungua kinywa, akakifunga, akaitazama kofia yake aliyokuwa ameivua. Nilikuwa nimeushika mkono wa mwanamke nisiyemjua, nikaambiwa baadaye niliuminya mpaka akalalamika.

Ndipo upande wetu, nyuma kabisa, akasimama mtu mwenye buibui na mkoba wa nguo mkononi.

"Nina swali kwa mgombea," akasema mkaza mjomba.

"Uliza, bibi," akasema afisa, hajui anaongea na nani, na uwanja mzima unajua.

"Jiko linaezekwa lini?"

Mjomba, masikini, mdomo ukajiendea wenyewe njia yake ya siku zote. "Kesho, inshallah."

Uwanja ulitoa sauti moja ya "Aaah!" mpaka ng'ombe akageuka.

"Hilo ndilo jibu nililolipata miaka sita," akasema mkaza mjomba, akaanza kutoka.

"Leo!" mjomba akapiga kelele. "Leo! Sasa hivi!" Akaruka kutoka jukwaani, na ni mtu wa miaka sitini, akapita katikati ya watu kuelekea nyumbani. Afisa anapiga kengele, dakika zake bado zipo. Kwanza walimfuata mafundi wenzake, kisha wale aliowaezekea, na hao, kama nilivyokwambia, ni karibu kila mtu. Mkutano ukahama. Mwenye ng'ombe alilifunga dume kwenye gari la kukokota, likabeba makuti kutoka kwa jirani. Wa lifti alisimama chini akielekeza jinsi ya kupandisha makuti juu, na lazima nikiri alijua. Mzee wa salamu alipanda juu ya paa na kanzu yake, na huko juu, na fito mkononi, akasema, "Ama baada," akatueleza ahadi zake zote, na zilikuwa nzuri, visima na taa za njiani. Hakuna aliyekuwa akimpigia kengele.

Matokeo niyaseme hapa hapa niondokane nayo. Alishinda mmoja wa wale wa barabara na maji, sikumbuki yupi. Mzee wa salamu alikaribia sana, watu wakisema mtu ambaye hajaahidi kitu kwenye karatasi hawezi kuwa mwongo. Mjomba alipata kura kadhaa, japo alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba asipewe.

Jiko lilikamilika baada ya alasiri. Mkaza mjomba alikuja, akaingia, akatazama juu muda mrefu, akatoka akarusha kata moja ya maji juu ya makuti kwa mkono wake, akarudi ndani akangoja. Halikuvuja. Lakini mkoba wake wa nguo aliuacha mlangoni, haujafunguliwa. Kwetu waliofanya kazi lazima wale, kwa hiyo akawasha moto, akapika. Mjomba aliuona ule mkoba. Kila akipita aliutazama.

Wali ukatoka, wa nazi, masinia matano. Watu wakakaa barazani, wakala, na mzee wa salamu, kwa adabu zake, akasema, "Mashallah, huu ndio wali."

Kila mtu alikuwa anakumbuka harusi ile, na mikono ilisimama kwenye masinia, na macho yote yakamwendea mjomba. Hata mimi nilikuwa nasubiri mzaha, Mungu anisamehe.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Chumvi nimetia mimi, hilo linajulikana. Na maji, kayatia nani?"

Masikio ya mjomba yalikuwa yamewiva. "Wewe, bibi," akasema, na sauti ilimkatika katikati, lakini iliyotoka ilisikika mpaka njiani. "Umeyatia wewe. Siku zote ulikuwa ukiyatia wewe, na ya mvua ulikuwa ukiyakinga kwa kichwa chako. Nilikosa."

Hakuna aliyecheka. Tulimsubiri mkaza mjomba, na nyuma ya pazia ukasikika mlio wa kijiko kinakwangua sufuria, taratibu, mpaka chini. Kisha pazia likasogea, mkono ukatoka, ukaweka mbele ya mjomba kisahani cha ukoko.